Sura ya Saba: Kovu Mlangoni mwa Kampuni

Alfajiri, vumbi jekundu la Kolwezi likiwa bado limelala, vijana huwa wameshapanga mstari kwenye geti la kampuni. Kila mmoja ana farde kwapani. Ndivyo watu wa Katanga wanavyoliita jalada la karatasi ngumu, kwa jina walilorithi kwa Wabelgiji. Ndani yake mna siivii, nakala ya diploma, barua ya maombi, picha za pasipoti na kadi ya mtafuta kazi inayotolewa na ONEM, ofisi ya taifa ya ajira. Karatasi hizo zinaeleza mtu alisoma wapi na mikono yake inajua nini. Mwili wake hauna karatasi humo. Yule aliyevunjika mguu shimoni akiwa mtoto, yule aliyelazwa miezi kadhaa kwa kifua kikuu akapona, yule aliyekuwa akianguka kifafa hadi alipofika miaka kumi na miwili kisha kikamwacha, wote wamo mstarini wakiwa wazima, wanatembea, wanacheka, na kila mmoja anajiuliza kimoyomoyo: wakiniuliza, niseme?

Sura hii nimewaandikia wao. Jibu langu nalitoa mapema: usidanganye, wala usimwage mambo yako yote mbele ya kila aliyeshika kalamu. Ukweli kuhusu ulemavu uliokwisha una mwenyewe, na mwenyewe ni wewe. Kuna mtu anayestahili kuambiwa wote, kuna anayestahili sehemu, na kuna asiyestahili hata neno. Anayewachanganya hao watatu ndiye anayekosa kazi kwa kusema mno, au anayepata kazi kwa uongo kisha akaumia nayo.

Ardhi inayovunja watu

Kwingineko swali hili linaweza kuwa la watu wachache. Kwetu ni la mji mzima. Kolwezi ulizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya shaba, na tangu mwaka 2015 ni makao makuu ya jimbo la Lualaba. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa yake inatoka katika ukanda huu. Ardhi hii inalisha watu, na inavunja watu.

Mwaka 2014, baada ya kobalti kugunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, watu walichimba mashimo uani, jikoni, hata sebuleni. Ripoti ya Amnesty International na Afrewatch, iliyotoka Januari 2016, ilieleza kwamba wachimbaji wasiopungua 80 walikufa chini ya ardhi kusini mwa Kongo kati ya Septemba 2014 na Desemba 2015. Mwezi Juni 2019, kuta za mgodi wa KOV, hapahapa Kolwezi, ziliporomoka na watu 43 wakafa, kwa hesabu ya serikali ya jimbo. Idadi za namna hii huwa za waliozikwa. Aliyetolewa hai kwenye udongo, mfupa wa paja umekatika na nyonga imehama, hubebwa kwa pikipiki hadi hospitali, na habari yake inaishia kwa mama yake.

Desemba 2019, walalamikaji 14, baadhi yao wakiwa watoto walioumia na wengine wazazi wa watoto waliokufa katika mashimo ya kobalti ya ukanda huu, walifungua kesi Washington dhidi ya Apple, Alphabet, Dell, Microsoft na Tesla. Majina yao yalifichwa ili kuwalinda. Mwaka 2021 mahakama iliitupa kesi hiyo, na Machi 2024 mahakama ya rufaa ikakubaliana na uamuzi huo. Kurasa nyingi zimeandikwa juu ya kesi ile. Hapa nataka msomaji afikirie jambo dogo zaidi: mtoto aliyekuwa na miaka 15 kesi ilipofunguliwa, sasa ni mtu mzima. Wenzake wengi ambao hawakufika katika mahakama yoyote nao wamekua. Wengine wamepona kiasi cha kufanya kazi. Na kazi iliyopo ni ya migodi.

Hapo ndipo penye uchungu. Ardhi ileile iliyomvunja mtu imezungushiwa uzio, ikawekwa geti, na getini anaulizwa: Umewahi kuumia?

Kampuni ilipokuwa baba na mama

Babu zetu hawakuwa na swali hili, na inafaa kujua kwa nini. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwanzoni iliwatumia vibarua wa muda mfupi waliokusanywa kutoka mbali na kupimwa miili kabla ya kupelekwa kazini, na wengi walikufa kwa magonjwa ya kambini. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ilibadili mwendo: iliwaacha wafanyakazi waje na wake zao, ikawajengea kambi, shule na hospitali. Mtoto alizaliwa mikononi mwa mkunga wa kampuni, akachanjwa na kampuni, akasomeshwa na kampuni, kisha akaajiriwa na kampuni. Watu wakasema Union Minière njo baba, njo mama. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi amewaeleza kwa kina watoto wa shaba walioachwa na baba huyo. Baada ya kutaifishwa mwaka 1967, Gécamines ilirithi kambi, hospitali na ubaba wenyewe.

Katika maisha hayo, mchimbaji aliyeangukiwa na jiwe alitibiwa na kampuni yake. Faili la mfupa wake lilikaa kwenye kabati la mwajiri. Hakuwa na la kukiri wala la kuficha. Sisemi kwamba ulikuwa wakati wa haki. Baba anayejua kila kidonda cha mwanawe anaweza pia kumtawala kwa hicho kidonda. Nasema tu kwamba ukweli wa mwili ulikuwa mikononi mwa kampuni, na mfanyakazi hakubeba mzigo wa kuamua aseme nini.

Kisha baba akaanguka. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto iliporomoka. Gécamines, ambayo katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka, katika muda usiofika miaka kumi ilikuwa haifikishi hata tani 50,000. Kanuni mpya ya Migodi ya mwaka 2002 ikafungua mlango kwa wawekezaji, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, kila mmoja na bahasha yake ya fedha. Mahali pa baba mmoja wakaja wageni wengi: KCC, Mutanda, Tenke Fungurume, Sicomines, COMMUS, Kamoa, na chini yao kampuni nyingi za sutretansi, yaani za ukandarasi mdogo, zinazoajiri kwa mikataba mifupi.

Wageni hao hawana faili lako. Lazima wakuulize. Na kwa kuwa mtu wa sutretansi anaweza kubadilisha mwajiri mara nne katika miaka mitatu, anaulizwa mara nne, na madaktari wanne wasiomjua.

Chumba cha vipimo

Tumchukue kijana mmoja, wa mfano tu, anayekaa mtaa wa Kapata, Kolwezi. Akiwa na miaka kumi na sita aliangukiwa na udongo shimoni. Mguu wa kulia ulivunjika mara mbili. Alitembea na magongo mwaka mmoja na nusu. Baadaye alijifunza umeme wa viwandani, akafanya mafunzo ya vitendo, na leo anapanda ngazi kama mtu mwingine. Kampuni ya sutretansi imempenda kwenye mahojiano. Limebaki jambo moja: vipimo vya afya.

Usiku ule mama yake anamwambia kwa Kiswahili cha nyumbani: “Mwana, usibaambie. Kama banajua, batakukatala.” Naye anajibu, “Sawa, mama,” kwa sababu mama hajibiwi vingine usiku wa kuamkia siku kubwa.

Asubuhi anavua viatu na suruali. Muuguzi anampima uzito, urefu, shinikizo la damu, macho, masikio. Anaambiwa achuchumae na kusimama mara kumi bila kushika meza. Anaweza. Lakini kwenye goti kuna kovu refu lenye alama za nyuzi pande zote mbili, na muundi umepinda kidogo. Daktari anatazama goti, kisha anatazama fomu. Kwenye mstari unaouliza magonjwa na ajali za zamani, kijana ameandika neno moja: hakuna.

Tuangalie kilichotokea hapo. Mguu haukumponza, mguu umechuchumaa mara kumi. Kilichomponza ni hilo neno “hakuna” juu ya fomu na kovu chini yake. Daktari aliyekuwa tayari kumwandika apte, neno la Kifaransa ambalo kila mtafuta kazi wa Kolwezi analijua maana yake, yaani anafaa, sasa anajiuliza ni nini kingine kimefichwa. Waswahili husema mficha maradhi kilio humfichua. Kwa kawaida methali hiyo humtisha mgonjwa. Hapa inatufundisha jambo la kazi: mwili una midomo yake, na katika chumba cha vipimo husema kabla yako.

Lakini tumwonee huruma mama pia, maana hofu yake haikutoka hewani. Kwetu mtu aliyewahi kutembea na magongo huitwa kilema hata baada ya kuyatupa. Neno linabaki kwenye jina lake kama rangi kwenye kitambaa. Mama anajua kwamba pale getini wapo watu mia wanaotaka nafasi moja, na mwenye kuchagua anatafuta sababu ya kupunguza mstari. Kijana huyu asilaumiwe. Aongozwe.

Watu watatu, majibu matatu

Mtu wa kwanza ni daktari. Sheria ya kazi ya Kongo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka kufaa kwa mfanyakazi kuthibitishwe na cheti cha daktari. Daktari huyo hakuwekwa pale ili kukutoa mstarini tu. Yuko pale ili asikupeleke mahali ambapo mwili wako utakuua. Migodi yetu ina asidi ya salfa kwenye viwanda vya kuyeyushia, ina vumbi la silika, ina malori yenye magurudumu marefu kuliko mtu, ina mahandaki yasiyo na hewa ya kutosha feni zikisimama. Aliyewahi kuugua kifua kikuu anapaswa kujua kwamba vumbi la silika huongeza hatari ya ugonjwa huo kurudi. Aliyewahi kuwa na kifafa akinyamaza ili aendeshe lori la mgodini, siku kikirudi hatakufa peke yake. Hapo ukimya wako unaingia kwenye roho ya mwenzako aliye chini ya gurudumu. Kwa hiyo daktari aambiwe yote: mwaka, ugonjwa au ajali, matibabu, dawa ya mwisho ilimezwa lini, na leo unaweza nini.

Wengi huniuliza: na daktari mwenyewe analipwa na kampuni, nimwamini vipi? Ni swali la haki. Kifungu cha 73 cha Kanuni ya Adhabu ya Kongo kinamwadhibu anayetoa siri aliyoaminiwa kwa sababu ya taaluma yake, na daktari wa kampuni hajaondolewa humo. Miongozo ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu uangalizi wa afya kazini nayo inasema mwajiri apewe hitimisho tu: anafaa, hafai, au anafaa kwa masharti. Jina la ugonjwa libaki kwenye kabati la daktari. Una haki ya kumuuliza kwa heshima kabla hujaanza: “Papa dokta, nitakayokuambia yatasomwa na nani?” Swali hilo halimuudhi daktari mwema, na humkumbusha kazi yake yule aliyeanza kuisahau.

Mtu wa pili ni mwajiri, yaani ofisi ya RH (rasilimali watu) na mkuu wa kitengo. Hawa wanastahili kujua kinachogusa kazi, basi. Kama mguu hauwezi kukaa saa nane kwenye ngazi ya chuma, sema huwezi kukaa saa nane kwenye ngazi ya chuma. Habari ya shimo la Kasulo, usiku wa ajali, magongo na machozi si yao. Wakiuliza kwa nini siivii yako ina pengo la miaka miwili, jibu kwa sentensi fupi ya kweli: “Niliumia, nilitibiwa, nilipona, kisha nikaanza mafunzo ya umeme.” Sentensi hiyo haina uongo hata chembe, na inamalizika kwenye kazi. Ambacho hutafanya ni kulijaza pengo hilo kwa ajira ya kubuni. Cheti cha uongo kikigunduliwa, mwajiri anaweza kukufukuza kwa kosa zito, na hapo umempa sababu ambayo mguu wako haukumpa.

Mtu wa tatu ni kila mtu mwingine: mlinzi wa getini, karani anayepokea farde, jirani aliyekuahidi kukupeleka kwa mkubwa fulani, wenzako wa mstarini. Hawa hawastahili hata neno. Kunyamaza mbele yao si uongo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mtungi hauna deni la kujieleza kwa kila apitaye kisimani.

Kovu lililoandikwa ni ngao

Kuna sababu nyingine ya kumweleza daktari ukweli, na watu wengi hawaifikirii. Faili la siku ya kwanza ndilo kipimo cha yote yatakayofuata.

Turudi kwa kijana wetu wa Kapata. Tuseme ameajiriwa baada ya kuandika “hakuna.” Miezi minane baadaye bomba linaanguka na kumuumiza goti lilelile. Sasa anahitaji kuthibitisha kwamba ni ajali ya kazini ili CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, uishughulikie, na daktari akadirie amepoteza sehemu gani ya uwezo wake. Upande wa pili utaleta picha ya radio, yaani ya eksirei, na kusema: goti hili lilikuwa bovu zamani, na mwenyewe alilificha. Atabishana na nini? Lakini kama siku ya kwanza liliandikwa kovu, likapigwa picha, ikaandikwa kwamba goti linakunjika vizuri na anachuchumaa mara kumi, basi kila kilichoharibika baada ya siku ile kina tarehe. Kovu lililoandikwa halikudhoofishi. Linamzuia mtu kukuuzia jeraha jipya kwa bei ya la zamani.

Ndivyo ilivyo pia kwa masikio. Aliyefanya kazi karibu na mashine ya kusaga mawe huenda ameshapoteza sehemu ya usikivu. Kipimo cha masikio cha siku ya kuajiriwa kinaonyesha ulianzia wapi. Omba nakala. Nyumba nyingi za Kolwezi zina picha za radio zilizofichwa chini ya godoro kama hati ya kiwanja. Zitoe. Nenda nazo kwenye vipimo, pamoja na ripoti ya hospitali iliyokutibu na, ikiwezekana, barua ya daktari inayosema leo unaweza nini. Aliyekuja na karatasi za kupona kwake huulizwa maswali tofauti na aliyekuja na kovu peke yake.

Mwalimu wa Florida na sheria ya Kinshasa

Suala la ulemavu uliopita lina kesi moja mashuhuri ambayo kila mtafuta kazi angepaswa kuijua. Gene Arline alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Florida, Marekani. Mwaka 1957 alilazwa kwa kifua kikuu. Ugonjwa ukatulia kwa miaka ishirini, kisha ukarudi, na mwaka 1979 bodi ya shule ikamwachisha kazi. Alikwenda mahakamani. Mwaka 1987 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kule kulazwa kwa zamani kulimweka chini ya ulinzi wa sheria ya watu wenye ulemavu, na kwamba hofu ya watu juu ya ugonjwa haitoshi kumfukuzia mtu kazi. Inabidi mtu apimwe yeye mwenyewe, kwa elimu ya tiba: je, leo ni hatari kwa wengine, na kwa kiasi gani? Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 ikaendeleza wazo hilo. Inamlinda hata mtu ambaye ulemavu wake umebaki kwenye kumbukumbu tu, na inamkataza mwajiri kuuliza habari za ugonjwa kabla hajatoa ahadi ya kazi. Uingereza nayo, kwa sheria ya mwaka 2010, inamlinda mtu aliyewahi kuwa na ulemavu hata kama umekwisha.

Majirani zetu wamepita njia nyingine. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaweka lengo la asilimia 5 katika nafasi za umma za kuchaguliwa na kuteuliwa.

Na sisi? Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 inatambua katika kifungu cha 49 kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya hatua maalumu za kumlinda, na katika kifungu cha 36 inaiita kazi haki na wajibu mtakatifu. Mwaka 2015 Kongo iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Mwaka 2019 serikali ilimteua Irène Esambo Diata, mwanasheria ambaye mwenyewe anaishi na ulemavu, kuwa waziri anayeshughulikia watu hao. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria ya msingi namba 22/003 ya kulinda na kukuza haki zao. Kabla ya hapo, sheria ya tarehe 14 Julai 2008 ilikuwa imeshakataza kumbagua kazini mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi. Sheria hiyo ya 2008 ilikubali jambo ambalo mama wa Kapata bado haliamini: kwamba yapo mambo ya mwili wa mtu ambayo mwajiri hana haki ya kuyatumia kama uzio.

Sheria zipo, basi. Kilichopungua ni watu wa kuzitamka kwenye meza ya RH. Ukiandikiwa hufai, uliza hufai kwa kazi ipi. Fundi umeme asiyefaa kushuka handakini anaweza kufaa kwenye karakana. Omba uamuzi kwa maandishi. Ukiona umekataliwa kwa jina la ugonjwa wa zamani, peleka karatasi hiyo kwa mkaguzi wa kazi, au kwa chama cha wafanyakazi, au kwa chama cha watu wenye ulemavu cha jimbo lako. Malalamiko ya mdomo hupotea na vumbi la njia ya Likasi.

Neno kwa wenye kampuni

Nimewaambia watafuta kazi waseme ukweli. Sitawaacha nyinyi mnaokaa upande wa pili wa meza, maana kumdai mtu ukweli huku umeandaa adhabu kwa ajili ya ukweli huo ni kumfundisha kudanganya.

Ondoeni swali la magonjwa kwenye fomu ya maombi. Libaki kwa daktari peke yake, na liulizwe baada ya mtu kuchaguliwa kwa ujuzi wake. Andikeni kila kazi inadai nini mwilini: kilo ngapi za kubeba, saa ngapi za kusimama, kelele kiasi gani. Kisha mpimeni mtu kwa kazi hiyo, si kwa mwili mkamilifu ambao hakuna mchimbaji wa Lualaba aliye nao. Wafanyakazi wa sutretansi wapewe nakala ya faili lao la afya wanapoondoka, ili wasianze upya kila baada ya miezi sita kama watu wasio na jana. Na kwa kuwa udongo mnaouchimba ndio uliowavunja wengi wa wanaobisha mlangoni, haifai kovu la udongo huo liwe sababu ya kuwafungia mlango.

Wazee husema hujafa hujaumbika. Mkubwa wa RH aliye mzima leo anapita kila asubuhi mbele ya malori yaleyale.

Na wewe uliye mstarini na farde yako, nakuagiza mambo manne. Kesho kabla ya vipimo, tafuta karatasi zako za hospitali. Usiku huu, jizoeze sentensi yako moja fupi ya kweli hadi itoke bila kutetemeka. Mbele ya daktari, usiandike “hakuna” mahali ambapo mwili wako umeandika kitu. Na ukimaliza, usiondoke bila nakala. Kuumia hakukuwa kosa lako, na kupona ni kazi uliyoifanya kabla ya kazi hii unayoiomba.